Daudi wa Chupani

Ukiingia leo katika maabara ya utafiti wa saratani, iwe Stockholm, London au Chicago, ukamwomba mtaalamu akufungulie tangi lake la baridi kali, yawezekana kabisa akakutolea kichupa kidogo kilichoandikwa Daudi. Usidhani ni jina la mwenye tangi. Ni jina la seli. Zilitoka mwaka 1967 kwenye uvimbe wa kijana wa Kiafrika wa miaka 16, uvimbe uliomwota kwenye tundu la jicho, na tangu siku hiyo hazijaacha kuzaana. Waliozipa makao ni mke na mume, Eva na George Klein, wa taasisi ya Karolinska mjini Stockholm. Wawili hao walishirikiana na daktari mpasuaji wa Nairobi, Peter Clifford, na vipande vya uvimbe vilikuwa vikisafiri kwa ndege kutoka kwetu kwenda kwao.

Nilipolikuta jina hilo katika kitabu cha Kiingereza, limekaa peke yake katikati ya maneno magumu ya kigeni, nilisimama kidogo. Daudi! Jina la mtaani kwetu hili, jina la fundi baiskeli na la kondakta wa daladala. Linatafuta nini huko? Nikaanza kufuatilia, kitabu hadi kitabu, na haya ndiyo niliyoyaokota.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kufuatilia. Shangazi yangu alipoanza matibabu ya saratani ya titi alimuuliza daktari swali moja tu: "Mwanangu, dawa hii itanifaa mimi?" Daktari, kijana muungwana, akamjibu, "Mama, imewafaa wengi." Shangazi akaitikia kwa kichwa, halafu akasema taratibu, "Nashukuru. Ila mimi si wengi."

Jamani, neno hilo lilinikaa. Baadaye ndipo nikagundua kwamba wanasayansi nao wamehangaika na neno hilohilo kwa zaidi ya miaka 70. Wameotesha uvimbe wa binadamu ndani ya vyombo vya kioo ili waujaribu kwa dawa kabla ya kumjaribu mwenyewe. Historia ya uvimbe huo wa chupani ndiyo ninayotaka kukusimulia. Mwanzo wake uvimbe wa mmoja ulitumika kwa ajili ya wote. Leo wanajaribu kuurudisha kwa mwenyewe. Njia ya kutoka huko hadi hapa haikunyooka hata kidogo.

MWANAMKE WA BALTIMORE

Mwanzoni mwa 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, madaktari walikata kipande cha uvimbe kwenye shingo ya kizazi ya mwanamke mweusi aliyeitwa Henrietta Lacks. Kipande kikapelekwa kwa George Gey, mtu aliyekuwa amehangaika miaka mingi kuotesha seli za binadamu nje ya mwili. Zote zilikuwa zikimfia. Hizi hazikufa. Ziliongezeka maradufu kila baada ya siku moja hivi, tena bila dalili ya kuchoka. Gey akaziita HeLa, kwa herufi za mwanzo za majina ya mwenyewe, akaanza kuwagawia wenzake.

Henrietta alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 31. Hakuombwa ruhusa wala hakuambiwa. Familia yake ilikuja kujua katika miaka ya 1970, wakati seli zake zilikuwa zimeshatumika kupima chanjo ya polio na zimeshazunguka dunia nzima. Mwaka 2023, warithi wake walifikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher Scientific waliyoishtaki kwa kufanya biashara na seli za mama yao. Hesabu mwenyewe: miaka 72.

Sasa angalia jambo moja. Seli za Henrietta zilifundisha mengi kuhusu saratani kwa jumla, lakini hakuna aliyekusudia zimtibu Henrietta. Fikra hiyo haikuwapo. Uvimbe wa chupani ulikuwa kama sampuli ya mchele unayoonjeshwa dukani: ukionja punje chache unadhani umelijua gunia zima.

Na gunia lenyewe lilikuwa limechanganywa! Mwaka 1966 mtaalamu wa jenetiki Stanley Gartler aliwatia wenzake aibu mkutanoni. Alipima koo 18 za seli ambazo watu waliamini zimetoka kwa wagonjwa mbalimbali. Zote zilikuwa na alama moja, alama ya HeLa. Seli za Henrietta zilikuwa na nguvu kiasi kwamba tone moja likiingia kwa bahati mbaya kwenye chombo cha jirani, baada ya muda chombo kizima ni chake. Kumbe kuna watu walikuwa wakichunguza ini au figo, na muda wote wamo ndani ya uvimbe wa mama mmoja wa Baltimore.

UKUNGU WA LONDON

Turudi Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine mwenye hali kama hiyo. Mwaka 1958 akaandika kuhusu ugonjwa huo, na hadi leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu na kusafiri maili 10,000 hivi, hospitali kwa hospitali, kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza swali moja: huku kwenu ugonjwa huu upo?

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Aliyekaa akisikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Vikaanza kusafiri. Epstein akavitazama kwa darubini ya elektroni, asione kitu. Akajaribu kuviotesha, visiote.

Tarehe 5 Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kingine ilikuta uwanja wa London umefunikwa na ukungu, ikaenda kutua Manchester. Mzigo ulipomfikia Epstein mchana ule, maji yaliyokuwa na kipande yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angesema yameoza, mwaga. Epstein akachukua tone akalitia chini ya darubini. Hakukuta bakteria. Alikuta seli hai za uvimbe zilizobanduka njiani kwa mtikisiko, zinaelea zenyewe. Ndipo akafahamu kwamba seli hizi zinataka kuelea, hazitaki kushikamana na kioo. Yeye na Yvonne Barr wakaziotesha hivyo, zikakubali. Mwanzoni mwa 1964, wakishirikiana na Bert Achong, wakaona ndani yake kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na mkono katika saratani ya binadamu.

Koo nyingine nazo zilipatikana. Mnigeria wa miaka 11 alizaa ukoo wa Raji, mwaka 1963. Ukafuata ukoo wa Namalwa, ambao kampuni ya Wellcome iliuotesha katika mapipa ya maelfu ya lita ili kutengeneza dawa ya intaferoni. Kisha akaja Daudi wetu. Huyu ana kasoro ya pekee: amekosa protini moja ndogo, na kwa kuikosa, vile vitambulisho ambavyo seli zetu huwaonesha askari wa mwili havitokezi juu ya ngozi ya seli. Kwa kasoro hiyo wanasayansi walijifunza jinsi vitambulisho hivyo vinavyojengwa. Na dawa ya daratumumab, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2015 kutibu saratani ya uboho wa mifupa iitwayo mayeloma, ilipokuwa bado inapimwa maabara, seli za Daudi zilikuwa miongoni mwa zilizotumika kuonesha kwamba inaua.

Kwa hiyo mtu mwenye mayeloma kule New York, aliyepata nafuu kwa dawa hiyo, ana deni dogo kwa kijana wa miaka 16 asiyemjua.

Na watoto wenyewe wa Kampala? Hapa pana jambo zuri, na ni haki tulitaje. Katika miaka ya 1960 Burkitt na madaktari wenzake Afrika Mashariki waliwapa watoto dawa kama siklofosfamidi, na uvimbe wa taya ukawa unayeyuka ndani ya siku chache. Baadhi yao walipona kabisa, kwa dozi chache mno. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda palepale Mulago, na matokeo yake yalisomwa duniani kote. Ila ujue kwamba uponyaji huo ulitoka wodini, kwa madaktari waliompa mtoto dawa na kumwangalia. Chupa ilikwenda njia yake, mtoto akabaki na njia yake.

PANYA NA UTE WA MWANI

Ni lini basi mtu alifikiria kuzikutanisha njia hizo mbili? Hatua moja ilitokea Denmark mwaka 1969, Rygaard na Povlsen walipopandikiza uvimbe wa binadamu kwenye panya wa aina ya pekee. Panya hao wanazaliwa bila manyoya na bila tezi ya thaimasi, kwa hiyo miili yao haiwezi kukataa nyama ya kigeni. Uvimbe ukaota mgongoni mwa panya. Kuanzia hapo iliwezekana, angalau kwa fikra, kumpa panya dawa kwanza, kisha mgonjwa. Lakini panya anataka miezi, na mgonjwa wa saratani hana miezi ya kugawa.

Mwaka 1977, Anne Hamburger na Sydney Salmon wa Chuo Kikuu cha Arizona wakaja na njia ya haraka zaidi. Walitawanya seli za mgonjwa kwenye agari, ule ute mzito utokao kwenye mwani, wakahesabu vishada vinavyoota. Mwaka uliofuata wakaonesha, kwa wagonjwa wa mayeloma na wa saratani ya ovari, kwamba dawa iliyoshindwa kuzuia vishada kwa kawaida ilishindwa pia kwa mgonjwa. Watu wakashangilia! Wakafananisha na kipimo cha bakteria, kile cha kupaka usaha kwenye sahani na kuona ni antibiotiki ipi inaua.

Shangwe ikapoa. Uvimbe mwingi ulikataa kuota kwenye ute, na mgonjwa ambaye uvimbe wake umekataa kuota hakupata jibu lolote. Mwaka 2004 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilipitia ushahidi wa vipimo vya jamii hiyo kikashauri visitumike kuchagulia wagonjwa dawa nje ya utafiti. Ndoto ikarudishwa kabatini.

VITUMBO VIDOGO VYA UTRECHT

Kilichokuwa kinakosekana ni nini? Mwanamama mzaliwa wa Iran, Mina Bissell, alikuwa akilisema jibu huko Berkeley, California, kwa miaka mingi, na wengi wakimwona msumbufu: seli si kisiwa. Seli inajua kazi yake kwa kugusana na majirani zake na nyavu zinazoizunguka. Ukiitandaza juu ya kioo kama mkeka, inasahau ilikotoka. Mwaka 1997 yeye na wenzake walichukua seli za saratani ya titi, wakaziotesha ndani ya jeli laini badala ya juu ya kioo, wakaziba kipokezi kimoja tu juu ya ngozi yake. Seli zikatulia, zikajipanga tena kama za titi zima. Jeni zake mbovu zilikuwa bado zimo ndani.

Mwaka 2009 wazo la jeli likazaa matunda Utrecht, Uholanzi. Toshiro Sato, daktari kutoka Japani aliyekuwa katika maabara ya Hans Clevers, alichukua seli shina moja ya utumbo wa panya, akaitia kwenye tone la jeli na kuilisha viungo vichache vya ukuaji. Seli moja ikajenga kitumbo kizima kidogo mno, chenye mikunjo na mashimo kama utumbo wenyewe. Vitu hivyo vinaitwa oganoidi. Mwaka 2011 wakafanya hivyo kwa utumbo wa binadamu na kwa uvimbe wake, na mwaka 2015 wakatangaza ghala la oganoidi hai za wagonjwa 20 wa saratani ya utumbo mpana.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Daktari anakata kipande cha uvimbe. Mtaalamu anakikatakata na kukilainisha kwa vimeng'enya hadi seli ziachane. Anazitia kwenye matone ya jeli, anazilisha, anasubiri wiki kadhaa. Zikishaongezeka anazigawa kwenye sahani yenye vishimo vingi vidogo, kila kishimo kinapata dawa yake, kisha anaangalia nani kafa na nani kabaki. Ni kama kesi inayosikilizwa mahakamani kwa niaba ya mtu mmoja tu. Mtu yule aliyesema "mimi si wengi" hatimaye anapata shahidi wake.

Shahidi huyo anaaminika kiasi gani? Mwaka 2018 kundi la London, la Institute of Cancer Research na hospitali ya Royal Marsden, lilitoa hesabu yake katika jarida la Science. Walikusanya vipande 110 kutoka kwa wagonjwa 71 wenye saratani za tumbo na utumbo zilizosambaa. Kwa wale ambao walilinganishwa, oganoidi iliposema dawa haitafanya kazi, haikukosea hata mara moja. Iliposema itafanya kazi, ilisema kweli kwa asilimia 88. Si mchezo.

Lakini tusikimbilie ngoma. Mwaka 2021 Waholanzi walitoa matokeo ya jaribio lililoitwa SENSOR, ambalo oganoidi hazikubashiri tu bali zilichagua dawa. Kati ya wagonjwa 54 waliofaa, oganoidi ziliota kwa 31. Waliopimiwa dawa ni 25. Waliofikia kupewa dawa iliyochaguliwa ni 6. Na katika hao 6, hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulisinyaa. Kitumbo cha kwenye tone la jeli hakina mishipa ya damu, hakina askari wa mwili, wala hakina ini la kuivunja dawa kabla haijafika. Halafu mgonjwa anayesubiri wiki kadhaa anadhoofika, na uvimbe wake unaendelea kubadilika. Shahidi anasema aliyoyaona siku ile alipotolewa mwilini. Ya baadaye hayajui.

DENI

Nimeyaandika haya bila kupamba kwa sababu nimechoka kusoma makala za aina mbili. Moja inasema tiba imepatikana, kesho sote tutapona. Nyingine inasema Wazungu wametuibia, basi. Historia hii inakataa kukaa katika chumba chochote kati ya hivyo viwili.

Mimi nasema hivi. Uvimbe wa chupani umeanza kurudi kwa mwenyewe, tena polepole. Ila njia ya kurudi ina nauli. Jeli inayotumika sana hutengenezwa kutokana na uvimbe wa panya na lazima itunzwe kwenye baridi. Viungo vya ukuaji ni ghali. Umeme usikatike. Kabla ya yote hayo panahitajika kitu cha kawaida kabisa: mtaalamu mwenye darubini wa kusema huu ni uvimbe gani, na mgonjwa aliyefika mapema. Katika nchi zetu wengi bado wanafika ugonjwa umeshaenea. Atakayekuuzia ndoto ya oganoidi akiruka ngazi hizo, mwulize maswali.

Na upande wa pili, atakayekwambia mambo haya ni ya wenye fedha, sisi tubaki na dawa za "wengi", mkumbushe wodi ya Mulago. Watoto wetu hawakuwa watazamaji katika historia hii. Miili yao ilifungua mlango wa virusi na saratani, na kupona kwao ni miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba dawa peke yake yaweza kuifuta saratani. Tuna haki ya kudai nafasi, na ni vema tuidai tukiwa na madaktari wetu, maabara zetu na sheria zetu: kipande kikitoka, kitoke kwa ridhaa, kikizaa faida, mwenyewe na watu wake wasiisikie redioni.

Nanyi waandishi wenzangu, mnaokaa na daftari kijiweni mkitafuta kisa, msiseme visa vimekwisha. Henrietta Lacks alikaa kimya kwenye chupa miongo mingi hadi watu wenye kalamu walipouliza alikuwa nani. Kijana wa Daudi bado hajaulizwa. Tunajua umri wake, tunajua jicho lililomuuma, tunajua protini aliyoikosa. Hatujasoma popote alipenda mchezo gani, wala nani aliketi kando ya kitanda chake. Seli zake zinaendelea kugawanyika hata sasa unaposoma mstari huu. Kazi ya kuuliza ni yetu, kwa lugha aliyoitiwa jina lake.